UZI: Choo cha kuvuta maji kinavyofanya kazi, na kwa nini cha kwetu Lamu na Malindi hugoma mapema

#1 fundi_mfereji (Malindi)

Salaam aleikum wana jukwaa. Swali la "choo hakivuti" limeulizwa humu mara nyingi mno, na jibu ni lile lile: nunua mashine mpya ya tangi. Mtu ananunua, anafunga, na choo kinabaki na tabia zake. Ugonjwa ulikuwa kwenye bakuli au nje kwenye chemba (kile kishimo chenye mfuniko cha kukagulia bomba), dawa ikapelekwa kwenye tangi. Basi naweka hapa kitu chenyewe kinavyofanya kazi, mwenye kuongeza aongeze, mwenye kupinga apinge.

Kwanza, choo cha tangi hakisukumwi na presha ya mfereji. Presha kazi yake ni kujaza tangi tu, na tangi likijaa inafungiwa nje. Kinachosafisha bakuli ni maji mengi kuanguka kwa mpigo mmoja. Jaribuni hivi: chukua lita 8, mimina kwa kopo kidogo kidogo. Maji yatavuka taratibu kwenda zake na uchafu utabaki unaelea palepale. Chukua tena lita 8 kwenye ndoo, mwaga zote kwa sekunde tatu hivi. Kila kitu kinakwenda. Maji ni yaleyale, kasi ndiyo si moja.

Sababu iko kwenye mkunjo. Chini ya bakuli njia haiendi moja kwa moja. Inashuka, inapanda, halafu ndiyo inashuka kuingia bombani. Pale inapofikia juu pana kizingiti, na maji yanayobaki ndani ya bakuli husimama usawa wa kizingiti hicho. Hayo ndiyo yanayozuia harufu na mende wa shimoni, kwa sababu ule ukuta wa katikati ya mkunjo umezama ndani ya maji kama sentimita 5. Ukimimina taratibu, kila tone linaloingia linasukuma tone moja livuke, basi. Ukimwaga kwa mpigo, maji yanajazana upande wa bakuli haraka kuliko njia inavyoweza kuyapitisha, na uzito wao unabeba kilichomo mkunjoni chote kwa pamoja.

Vyoo vingi vinavyouzwa huku kwetu ni vya aina hiyo ya kusukuma kwa uzito. Iko aina nyingine, iliyozoeleka zaidi Marekani, yenye maji mengi ndani ya bakuli na njia nyembamba. Hapo maji yakishajaza mkunjo mzima, yale yanayoteremka upande wa pili huvuta ya nyuma, sawa na anayehamisha petroli kwa mpira kutoka tangi la gari hadi jerikeni. Hewa ikiingia ndipo kinakoroma na kukata. Mkoromo huo wa mwisho si ugonjwa, msiite fundi.

#2 mama_karo (Lamu, Langoni)

Ahsante fundi. Sasa tueleze tangi. Maji yakisikika yatiririka usiku na hapana aliyevuta, ni boya au ni mpira wa chini? Mafundi wawili husema maneno mawili.

#3 fundi_mfereji

Bi mkubwa, usiulize fundi, liulize tangi lenyewe.

Fungua kifuniko ukilaze juu ya tambara sakafuni, kisiegemee ukuta. Kikiteleza kikavunjika hutapata dukani kifuniko peke yake. Ndani utaona milango miwili ya maji. Wa kuingiza uko pembeni na una boya. Maji yakipanda boya linapanda, na mkono wake unakandamiza mpira mdogo unaoziba tundu. Wa kutoa uko katikati, una mpira mpana unaokalia shimo la chini. Kando yake au ndani yake mna bomba la kusimama lililo wazi juu. Hilo ni la usalama: boya likishindwa kufunga, maji humwagikia humo yakaingia bakulini badala ya kufurika sakafuni.

Sasa funga koki ndogo iliyo chini ya tangi. Chora alama ya penseli ndani, usawa wa maji. Subiri nusu saa bila mtu kuvuta. Maji yakishuka chini ya alama, mpira wa chini unapitisha. Yakisimama palepale, mpira ni mzima. Basi mwenye makosa ni boya, linajaza kupita kiasi na maji yanaingia kwenye lile bomba la kusimama. Hapo hakuna ubishi wa mafundi wawili.

Maji yanatakiwa yasimame sentimita 2 hadi 3 chini ya mdomo wa bomba la kusimama. Kwa boya la mkono wa shaba, pinda mkono kidogo kwenda chini. La plastiki lina skrubu au kibanio cha kuteremsha. Ukilishika boya kwa kidole ukalisukuma juu na maji bado yanapita, ukipinda huo mkono hadi kesho hausaidii: mpira mdogo wa ndani umekatika au punje ya mchanga imekaa kwenye tundu. Fungua kichwa cha valvu, suuza, geuza mpira upande wa pili kama unageuzika, au weka mpya.

#4 mama_karo

Na kama hasikii mtu kitu lakini bili yapanda?

#5 fundi_mfereji

Rangi ya biriani. Ile ya unga, nusu kijiko kwenye tangi lililojaa. Kaa dakika 30 bila kuvuta. Ukikuta maji ya bakuli yamegeuka manjano, mpira wa chini unavuja kimyakimya. Na msidharau uvujaji wa kimya. Kikombe kimoja cha robo lita kwa dakika ni lita 360 kwa siku. Hiyo ni mitungi 18 ya lita 20 inayoteremka shimoni na hapana aliyekwenda chooni.

Kabla ya kununua mpira mpya, pitisha kidole kwenye ukingo wa shimo unaokaliwa na mpira. Huku kwetu aghalabu utakuta chokaa imeganda hapo kama mchanga mkavu. Ikwangue kwa sponji na siki. Mpira mpya juu ya ukingo wenye chokaa utavuja siku ileile. Na kama ni wa mnyororo, acha ulegevu kama wa sentimita 1. Ukikaza sana mpira haukai vizuri juu ya shimo, ukilegeza sana unanaswa chini ya mpira wenyewe.

#6 Barani_Kwetu (Malindi)

Kuna lile tangi la mkono wa pembeni ambalo lazima upige mara tatu nne ndipo lishike. Hilo nalo ni mpira wa chini?

#7 mchanga_wa_shela (Lamu)

La, hilo halina mpira wa chini kabisa. Lina saifoni, bomba lililopinda kama U iliyogeuzwa juu chini. Ukivuta mkono, sahani iliyo ndani hupanda na kutupa maji juu ya mpindo, na yakishaanza kuteremka yanajivuta yenyewe mpaka tangi liwe tupu na hewa iingie. Juu ya sahani ile pana ngozi nyembamba ya plastiki. Ikichanika, sahani inapanda lakini maji yanapenya kwenye mpasuko badala ya kutupwa juu. Ndipo unapopiga na kupiga.

Ngozi yenyewe ni ya bei ndogo. Tabu ni kuifikia: funga koki, maliza maji ya tangi kwa kopo na tambara, fungua nati kubwa chini ya tangi, toa saifoni yote. Ngozi ya zamani itumie kama kipimo, ukate mpya sawasawa nayo kwa mkasi kutoka plastiki nzito isiyochanika. Ikizidi ukubwa itasugua pembeni na haitashuka.

Uzuri wa saifoni ni kuwa haiwezi kuvuja kuingia bakulini, kwa sababu maji lazima yapandishwe kwanza ndipo yatoke. Vitufe vya kisasa vyapendeza lakini vyategemea mpira. Kwa nyumba ya maji ya kununua kwa mtungi, saifoni haijapitwa na wakati.

#8 kaskazi_77 (Lamu, Mkomani)

Tangi la choo lachukua dakika 20 kujaa na hakuna kinachovuja. Tangi la maji liko juu ya paa, na choo kiko ghorofa ya juu. Mfereji wa chini wafoka vizuri tu.

#9 mchanga_wa_shela

Pima urefu kutoka usawa wa maji ya tangi la paa hadi kwenye boya la choo. Kila mita 1 ya kwenda juu ni kama baa 0.1. Kama ni mita 2 una baa 0.2 tu, na valvu za maboya huuzwa za namna mbili: za presha kubwa, tundu lake dogo, na za presha ndogo, tundu lake karibu mara mbili. Duka likikupa ya presha kubwa ukaifunga kwenye maji ya paa, tangi litajaa kwa kudondoka. Sema dukani unataka ya presha ndogo. Zingine kiini cha plastiki cha ndani kinachomoka, unabadilisha hicho tu.

Kabla ya yote angalia kichujio pale bomba linapoingia kwenye valvu. Maji yetu yana mchanga, na kichujio cha ukubwa wa tundu la kitufe cha shati hujaa upesi. Mtu hutupa valvu nzima kwa sababu ya mchanga wa kijiko kimoja.

#10 Barani_Kwetu

Mimi nawashauri watu waweke tofali ndani ya tangi. Maji ya mfereji yanayotoka Baricho yakikatika siku tatu kila tone lina hesabu. Hesabu yenyewe hii: tangi la zamani la lita 9, watu watano, kila mtu mara tano, ni lita 225 kwa siku. La lita 6 ni 150.

#11 fundi_mfereji

Hesabu ni sawa kaka, tofali ndilo nalipinga. Tofali huliwa na maji, linamung'unyika, na vumbi lake ndilo linalokaa chini ya mpira. Ukitaka kupunguza, chupa ya lita 1.5 iliyojazwa mchanga na maji, kifuniko kimefungwa, mbali na mkono wa boya.

Lakini kuna masharti. Bakuli lililoundwa kwa lita 9 lina mkunjo mpana unaohitaji uzito huo. Ukilipa lita 6 linaweza kukataa, unavuta mara mbili, ukatumia 12. Weka chupa, tazama siku mbili. Kama mvuto mmoja unatosha kwa haja kubwa, iache. Kama hautoshi, itoe bila kubishana nayo. Tangi la vitufe viwili, lita 3 na lita 6, pamoja na bakuli lake lililoundwa kwa hizo 6, ndilo linalopunguza kweli.

#12 Barani_Kwetu

Chupa basi. Tofali nalirudisha kwenye banda la kuku.

#13 mwenye_karafuu (Malindi)

Tangi letu limejaa, boya sawa, mpira sawa, na bado mvuto ni dhaifu. Maji yanateremka kwa uvivu pembeni tu.

#14 mchanga_wa_shela

Pima kwa ndoo kwanza. Mwaga lita 8 kwa mpigo moja kwa moja bakulini.

Yakienda vizuri na kuchukua kila kitu, njia ya chini ni safi, ugonjwa uko juu: tundu za ukingo zimeziba. Yakipanda juu halafu kushuka kwa uvivu, kuna kitu kwenye mkunjo au bomba. Yakishuka huku karo ya kuogea ikibwabwaja au maji yakitokeza hapo, choo hakina kosa. Nenda nje ufungue chemba.

Kwa maelezo yako nadhani ni ukingo. Chukua kioo kidogo cha mkononi ukiweke chini ya ukingo wa bakuli, utaona tundu zimezunguka mduara. Pwani maji ya visima hupita kwenye mawe ya matumbawe na kubeba chokaa, na kila mvuto huacha utando. Mwaka hadi mwaka tundu ya upana wa penseli inakuwa ya upana wa sindano. Maji yaleyale, ila yanatoka polepole, na tumeshasema kasi ndiyo kazi.

Dawa ni asidi nyepesi. Funga koki, vuta tangi liishe. Lowesha karatasi za chooni kwa siki, uzibandike chini ya ukingo mduara mzima, ziache usiku kucha. Asubuhi toa karatasi, usizitupe bakulini, halafu zungushia kila tundu kijiti cha mkuti au waya laini wenye plastiki. Vuta mara mbili. Chokaa nzito huhitaji kurudiwa usiku wa pili na wa tatu. Ukipata unga wa asidi ya ndimu dukani, vijiko viwili vikubwa kwa lita 1 ya maji ya uvuguvugu hufanya kazi kuliko siki.

#15 fundi_mfereji

Naongeza kwa herufi kubwa: SIKI AU ASIDI YOYOTE ISIKUTANE NA JIKI. Inatoka gesi ya klorini, na vyoo vyetu vingi vina kidirisha cha kiganja cha mkono. Kama jiki imetumika leo, vuta maji mara kadhaa na uiache asidi hadi kesho. Na ile asidi kali ya kusafishia vigae msiitie kwenye choo: inakula chokaa upesi, ni kweli, lakini inakula pia simenti ya maungio na vyuma.

#16 mwenye_karafuu

Ilikuwa ukingo. Tundu nne ndizo zilizokuwa wazi kati ya zote. Shukran.

Nje ya mada kidogo: ni kweli choo hiki kilibuniwa na Mwingereza aitwaye Crapper?

#17 kaskazi_77

Si yeye. Thomas Crapper alikuwa fundi na mfanyabiashara wa vyoo wa karne ya 19, aliboresha vifaa na jina lake likaandikwa juu ya matangi, ndiyo watu wakampa sifa yote. John Harington aliandika juu ya choo chake cha maji mwaka 1596. Mkunjo uliopinda kama herufi S uko kwenye hataza ya Alexander Cumming ya mwaka 1775, na hapo ndipo penye akili yote, maana kabla ya hapo harufu ilipanda tu. Joseph Bramah akafuata na hataza yake mwaka 1778.

Na huku kwetu msione haya. Nendeni Gedi mkatazame magofu: nyumba za mawe zina vyoo vya ndani na mahali pa kuchambia, na mji ule ulihamwa karne ya 17.

#18 mchanga_wa_shela

Umenifungulia mlango, kaskazi. Nyumba za mawe za Lamu zilikuwa na choo cha tundu ndani ya nyumba, chini yake shimo refu, na kando birika la maji lenye visamaki vya kula viluwiluwi vya mbu. Choo kile kilikuwa kikavu. Maji ya kuchambia kopo moja mawili, basi. Shimo liliyanywa bila taabu.

Leo mtu anaweka bakuli la kuvuta juu ya shimo lilelile. Shimo lililozoea lita 10 au 15 kwa siku linapokea 150. Chini ni mchanga, na mchanga haushiki kitu. Maji machafu yanakwenda pale pale yanapokwenda maji mengine, na kisima cha nyumba kiko hatua chache. Mai hupita ndia yake, walisema wazee, hayaulizi.

Kinachopendekezwa ni mita 30 kati ya shimo la kufyonzea maji machafu na kisima, na chini ya shimo pabaki angalau mita 1.5 ya udongo mkavu kabla ya kufikia maji. Ndani ya mji mkongwe mita 30 hazipatikani, nyumba zimebanana hata punda wawili wenye mizigo hawapishani. Kwa hiyo: septiki ya kuta na sakafu zisizopitisha, vyumba viwili, cha kwanza kikubwa kiasi cha theluthi mbili ya tangi zima. Uzito unatua chini, mafuta yanaelea, na maji ya katikati yanavuka kwa bomba la umbo la T ambalo mdomo wake umezama ili utando wa juu usipite. Tope likifika theluthi moja ya kina, litolewe. Mipango ya kulitoa ifanywe wakati wa kujenga, maana gari la kunyonya haliingii vichochoroni. Mfuniko uwe mahali unapofunguka, si chini ya kabati la vyombo.

Maji ya kisima cha chumvi yatumike chooni, hapana ubaya, yabaki yale ya mfereji kwa jikoni. Lakini mabomba ya maji hayo mawili yasiungane popote, hata kwa koki "iliyofungwa". Koki hupitisha.

Na kama choo kiko ghorofani, bomba lishukie nje ya ukuta au ndani ya mfereji wake unaofunguka, lisipite ndani ya dari ya boriti. Uvujaji mdogo wa maungio utaozesha boriti mwaka mzima kabla hujaona doa kwenye chokaa.

#19 mama_karo

Na mwelekeo wa kibla pia utajwe. Mafundi wa kutoka bara huja na kipimo chao, wakaweka bakuli lolote watakavyo, kisha mwenye nyumba huvunja.

#20 fundi_mfereji

Naam, bi mkubwa, na lisemwe kabla ya kumwaga zege. Kutoka Lamu na Malindi Maka iko karibu kaskazini kabisa. Mtu akikaa asielekee kibla wala asikipe mgongo, basi bakuli litazame mashariki au magharibi. Ukishajua ukuta gani utauegemea, ndipo unachagua bakuli: linalotoa maji kwa nyuma kupitia ukutani, au linaloshuka sakafuni. Ukinunua bakuli kwanza halafu ukatafuta bomba liko wapi, utalazimika kuweka kona mbili zisizohitajika, na kila kona ni mahali pa kuziba.

Bomba ni la milimita 110. Mteremko kati ya 1 kwa 40 na 1 kwa 60. Kwa mita 6 hadi chemba ni kushuka sentimita 10 hadi 15. Vuta uzi, weka pima maji, usikadirie kwa jicho. Bomba lililolala au lenye tumbo katikati litabaki na maji na karatasi zitatua hapo.

Bakuli lisijengewe kwa simenti. Tumia mpira wa kuunganishia kati ya shingo ya bakuli na bomba, na skrubu za stenlesi sakafuni. Simenti ikikauka hukaza, nyumba ikitikisika kidogo udongo wa kaure unapasuka, na siku ya kutoa ni nyundo tu.

#21 Barani_Kwetu

Na bomba la hewa? Wengi hawaweki, wanasema ni pambo.

#22 fundi_mfereji

Si pambo. Maji yakishuka bombani yakalijaza, yanasukuma hewa mbele na kuvuta hewa nyuma. Kama hakuna njia ya hewa, yatavuta kutoka penye upinzani mdogo: mkunjo wa sinki la mikono au karo ya kuogea. Ule ubwabwaji unaousikia ni maji ya mkunjo mwingine yakinyonywa. Baada ya hapo harufu inaingia kupitia karo na watu wanasugua choo kisicho na kosa.

Lianze karibu na choo, lipande hadi juu ya paa, mbali na madirisha. Mdomoni funga wavu wa mbu usiooza, wa plastiki au stenlesi. Wavu wa chuma hewa ya bahari huula, halafu kunguru huleta vijiti.

#23 kaskazi_77

Choo kimeziba sasa hivi na wageni wako njiani. Nifanyeje kwa utaratibu?

#24 mchanga_wa_shela

Usivute tena. Hilo ndilo kosa la kwanza, bakuli linafurika. Funga koki ya tangi.

Punguza au ongeza maji kwa kopo mpaka yafunike kichwa cha pampu ya mpira. Pampu nzuri ya choo ina ulimi unaoingia kwenye shimo. Ile bapa ni ya sinki. Iingize kwa pembe ili hewa itoke. Msukumo wa kwanza uwe wa pole, la sivyo utarushiwa usoni. Kisha sukuma na kuvuta mara 15 bila kuachana na shimo. Kuvuta ndiko kunakolegeza, kusukuma peke yake hushindilia. Rudia mara tatu nne. Kama karo ya karibu imeunganishwa na bomba hilohilo, mtu aizibe kwa tambara lililoloa, vinginevyo nguvu yako inatokea huko.

Huna pampu: mimina sabuni ya maji ya vyombo kikombe kimoja, ngoja dakika 20, kisha ndoo ya maji ya moto unayoweza kuvumilia mkono, yamwagwe kwa mpigo ikiwa bakuli lina nafasi. Yasiwe ya kuchemka, kaure hupasuka. Magadi makali ya kuzibulia yasitumike penye maji yaliyosimama: hayafiki kwenye kizibo, na atakayekuja na waya baadaye ataungua mikono.

Visipokubali, fungua chemba ya nje. Kavu maana yake kizibo kiko kati yako na chemba, ingiza waya wa springi kutoka hapo kuelekea chooni. Imejaa maana yake tatizo liko mbele, aghalabu septiki.

Vinavyoziba aghalabu ni hivi: pedi, pampasi, vitambaa vya kufutia watoto, nywele zilizosokotana, makumbi ya nazi ya kusugulia. Na mchanga wa miguuni, kwa nyumba zinazooshea miguu chooni. Mchanga uwe na kishimo chake cha kutua kabla ya kufika bombani.

#25 kaskazi_77

Kimefunguka mara ya tatu. Kilikuwa kitambaa. Ahsante sana.

#26 nyumba_ya_wageni (Malindi)

Nyumba hufungwa miezi mitatu wakati wa kusi, ikifunguliwa inanuka shimo. Vyoo ni visafi.

#27 fundi_mfereji

Maji ya mkunjo yamekauka. Sentimita 5 kwa joto letu hazidumu miezi mitatu. Siku ya kufunga nyumba, funga koki, vuta tangi liishe, hakikisha bakuli na kila karo ina maji, halafu mimina vijiko viwili vya mafuta ya kupikia juu. Utando wa mafuta unapunguza ukaukaji. Siku ya kufungua, ndoo moja kila mkunjo kabla ya kuwasha feni.

Hapohapo kagua boliti mbili zinazoshika tangi juu ya bakuli. Chumvi ya hewa huzila hata nyumba ikiwa imefungwa. Zikiwa na kutu badilisha kwa stenlesi, daraja 316 kama lipo. Kaza kwa mkono, kisha spana nusu mzunguko huku, nusu mzunguko kule, mpaka tangi liache kucheza. Mlio wa "tik" ukiusikia umechelewa.

#28 nyumba_ya_wageni

Na shatafu? Mpira wake ulipasuka nyumba ikiwa imefungwa.

#29 mama_karo

Kwa sababu ilifungwa kwenye kidole tu, mwanangu. Ile ya mkononi si koki, ni kitufe. Funga ya ukutani kila ukitoka.